Bwana Samahani Anapopita

Watu wanaamini kwamba wifi na wifi hawapatani, na mimi siwezi kuwalaumu. Wifi yangu huyu, mke wa kaka yangu, nimemsema sana. Ameunguza sufuria za mama mpaka mama akaanza kuzificha chini ya kitanda. Akicheka, mtaa wa pili wanajua kumekucha. Siku ya harusi yao nilitamka wazi kwamba kaka angevuta subira kidogo, huenda angepata mwingine. Lakini kuna jambo moja ambalo hata adui yake atamkubalia: hajui kusema uongo. Hata ule uongo mdogo wa adabu, wa kumwambia mwenzio amependeza, unamshinda. Kwa hiyo siku aliponiambia kilichompata stoo, sikumuuliza mara mbili.

Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda cha kushona sare: za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi, yeyote anayelipa. Ukumbi ni mmoja mrefu, na cherehani zimepangwa kwa mistari: kola, mikono, vifungo, pindo. Nguo inaingia mlangoni ikiwa vipande vipande, inapokezanwa mkono kwa mkono, na inaishia kwangu mwisho wa ukumbi, kwenye pasi ya mvuke. Ndiyo maana wananiita Mama Pasi. Wenzangu wote wanafanya kazi wameinama. Mimi peke yangu nasimama, kwa hiyo naona kila kitu. Wifi nilimwingiza mwenyewe, akawekwa mstari wa mikono.

Msimamizi wetu alikuwa mwanamume nadhifu, ananukia sabuni, ana sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Njia kati ya mistari inamtosha mtu mmoja kupita vizuri. Yeye haikumtosha. Akipita, mkono unatua begani kwa mtu, unateremka mgongoni, kiwiliwili kinaegemea kiti, na mdomo unasema, "Samahani, njia nyembamba." Fundi wa mashine ni mnene kuliko yeye mara mbili, anapita hapohapo na sanduku lake la spana, wala hamwombi mtu radhi, maana hamgusi mtu. Tukampa msimamizi jina: Bwana Samahani. Alipolisikia alifurahi, akadhani tunasifu adabu yake.

Na sisi tulikuwa na namna yetu. Bwana Samahani akitoka tu ofisini kwake, aliye karibu na mlango anagonga mkasi kwenye meza ya cherehani. Wa nyuma yake naye anagonga, na wa nyuma ya huyo. Ko, ko, ko, mlio unakimbia mbele yake mpaka unanifikia mimi, nami namalizia kwa kugonga ubao wa pasi. Anayesikia anavuta kiti mpaka tumbo linabana meza, anarekebisha aproni, au anainuka kwenda kuchukua uzi ambao hauhitaji. Hakuna aliyekuwa akifundishwa. Mgeni akianza kazi, siku za kwanza anashangaa. Baada ya muda mkono wake unagonga wenyewe huku akili iko kwa watoto aliowaacha nyumbani. Hatukuwahi kuizungumzia. Hata mimi, ambaye mdomo wangu haujui likizo, sikuwahi kuutaja mkasi kwa mtu yeyote. Nani anamsimulia mwenzake kwamba huwa anafumba macho vumbi likija?

Meneja, ambaye ofisi yake iko ghorofani, alikuwa akiusikia mlio huo na akaupenda mno. Akileta wateja husimama nao mlangoni, ameinua kidole. "Sikilizeni! Wafanyakazi wangu wana furaha. Wanapiga ngoma kazini." Wateja wanacheka, sisi tunainamisha vichwa, Bwana Samahani anapita.

Lakini stoo hakuna wa kukugongea mkasi. Stoo ndiko yanakokaa majora ya vitambaa, yamerundikwa mpaka darini, na mlango wake ni wa chuma. Siku hiyo Bwana Samahani alimwita wifi akachague kitambaa cha mikono. Alipoingia, mlango ukafungwa nyuma yake.

Sasa nikueleze habari ya mlango huo. Sheria inataka kila mwajiri abandike tangazo la Idara ya Kazi mahali wafanyakazi watalisoma: kwamba hairuhusiwi kumbagua mtu kazini kwa jinsia yake, kabila lake, dini yake wala hali yake, kwamba hairuhusiwi kumnyanyasa, na kwamba anayelalamika asiadhibiwe. Kiwanda chetu kilitii. Kililibandika nyuma ya mlango wa stoo. Yaani huwezi kulisoma mpaka mlango ufungwe ukiwa ndani, na mlango ule haufungwi ila Bwana Samahani yumo.

"Nililisoma lote, wifi," aliniambia, amekaa kitandani kwangu na viatu miguuni. "Kanibana kwenye majora, mkono wake uko huku, na mimi nasoma juu ya bega lake. Nilikuwa nasoma ili nisilie. Nilipofika pale pa kulalamika ndipo nikapata nguvu, nikalivuta jora likamwangukia miguuni."

Kesho yake akapanda ghorofani kwa meneja, akasema yote bila kupunguza wala kuongeza. Meneja akamsikiliza huku akichezea kalamu, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Wanawake wote hawa. Mbona wewe tu?"

Wiki haikuisha, wifi akaachishwa kazi. Sababu: mishono mibovu. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Sufuria anaunguza, sikatai, lakini mikono yake ya mashati ninaipiga pasi mimi, na najua shati lake hata nikifumba macho, kwa sababu halinipi kazi. Mwongo awe na haya walau ya kuchagua uongo unaofanana na ukweli!

Nilidhani nyumbani ndipo atakapopumua. Kaka yangu si mtu mbaya, ni mtu wa kuogopa maneno ya watu. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akajikuna shingo, kisha naye akasema, "Lakini, mke wangu, mbona wewe tu?"

Wifi alitoka uani akaanza kufua nguo zilizokwisha kufuliwa. Mimi nilimwambia kaka yangu maneno ambayo mama angeyasikia angeniosha mdomo kwa sabuni, nikamaliza na "kichwa cha panzi wewe," lakini neno lake lilikuwa limeshatoka, na neno halirudi kinywani. Tangu siku hiyo kicheko cha wifi kikakatika. Mtaa wa pili wakaanza kuniuliza kama amesafiri. Sikudhani ningekuja kukitamani kicheko kile, na nilikitamani sana.

Nikampeleka Idara ya Kazi mwenyewe. Afisa tuliyempata alikuwa mama mwembamba mwenye mafua, kila baada ya maneno machache anajipangusa pua na kuomba radhi. Alimsikiliza wifi bila kumkatiza hata mara moja.

"Sheria inakulinda pande mbili," akamwambia. "Kwa hayo uliyofanyiwa stoo, na kwa kufukuzwa baada ya kuyasema. Kulipiza kisasi ni kosa la peke yake. Lakini wao watasema mishono, wewe utasema stoo. Nahitaji kitu cha kushika. Kuna shahidi?"

"Mimi hapa," nikasema. "Si wa stoo, ila kupapasa kwake kwenye mstari nakuona kila siku."

"Na wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

Akashusha pumzi. "Watasema ni ndugu."

"Mama, tangu lini wifi akamtetea wifi? Ukiona hivyo ujue ni kweli mara mbili!"

Alicheka mpaka akakohoa, lakini alipoandika, aliandika ndugu.

Basi nikaanza kuzunguka kwa wenzangu, mmoja mmoja, chooni, getini, kwenye foleni ya maji. Huyu hajaona. Yule siku hizo alikuwa mgonjwa. Mwingine macho yake hayaoni vizuri, na hapohapo anatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja. Niliyemtegemea zaidi ya wote alikuwa Bibi Kola, mkongwe wetu, aliyeshona kola tangu kiwanda kilipokuwa na paa la mabati matupu. Yeye akisema, ukumbi wote unasikiliza. Hakuinua hata kichwa.

"Mwenye nguvu mpishe, Mama Pasi. Karibu nastaafu. Usinitose mwishoni."

"Na mwenzetu je?"

"Mwenzetu Mungu atamsaidia."

Nilimkasirikia hadi nikaunguza kola zake mbili, na sikujuta. Lakini nikifika nyumbani nikavua viatu, nilimwelewa. Ana wajukuu wanaomtazama yeye tu. Woga wa mtu mwenye wategemezi si woga wa kuchekwa.

Afisa aliwahoji wenzangu wote, kila mmoja peke yake, akapata jibu moja: sijaona. Mwishowe akasema anakuja kupaona mahali penyewe, huku kazi ikiendelea kama kawaida. Moyo wangu ulishaanguka. Nilijua hiyo ndiyo safari ya mwisho ya faili la wifi yangu kabla halijafungwa.

Alikuja asubuhi, na mafua yake. Alifuatana na meneja, wakili wa kiwanda mwenye viatu vinavyolia, na wifi nyuma yao, amejifunga mtandio kama mtu aliyekuja msibani. Bwana Samahani aliambiwa abaki ofisini kwake kwanza. Afisa alifungua mlango wa stoo, akaingia, akaufunga, akakaa kidogo huko ndani. Alipotoka alikuwa amekunja uso. Kisha akapita kati ya mistari toka mwanzo hadi mwisho, na mkoba wake begani, hakumgusa mtu. Akageuka akarudi. Hakumgusa mtu.

"Afisa," akasema wakili, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "umewauliza wafanyakazi wote. Ukimtoa wifi yake, hakuna aliyeona lolote. Kwa heshima zote, mlalamikaji yuko peke yake."

Wifi akatazama sakafu. Nilitamani nimrushie mtu pasi.

Hapo ndipo Bwana Samahani, aliyechoka kusubiri au aliyetaka kujikosha, alipofungua mlango wa ofisi yake akaja kwetu, ametabasamu, amenyoosha mkono wa kumsalimu mgeni.

Ko.

Wa mlangoni amegonga. Ko, wa nyuma yake. Ko, ko, ko, mlio ukakimbia mstari wa kola, ukaingia mstari wa mikono, ukapita vifungo na pindo. Viti vikaburuzwa, matumbo yakabana meza. Aproni zikarekebishwa. Mwanamke wa vifungo akainuka kwenda kuchukua uzi, na kasha lake limejaa uzi. Na mimi, nakuapia, mimi niliyekuwa nawatukana moyoni kwa woga wao, mkono wangu ulikwisha kugonga ubao wa pasi kabla sijajua.

Afisa akainua kichwa. "Hicho ni nini?"

Tulitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Lakini ulimi uliponza kichwa, na ulimi wenyewe ulikuwa wa meneja.

"Aa, hiyo!" akasema, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hiyo ndiyo ngoma yao. Ona mwenyewe, afisa, kama hawa ni watu wanaonyanyaswa. Wanampigia msimamizi. Wanampenda."

Wakili akamgusa mkono. Meneja akautoa mkono, alikuwa keshaanza kuwaonyesha wageni kiwanda chake.

"Kila akipita?" akauliza afisa.

"Kila akipita! Kila siku. Tangu nije hapa. Muulize mteja wangu yeyote."

"Na wewe ukipita, wanakupigia?"

Meneja akasita. Niliona kitu kama wivu kikimpita usoni. "Mimi... hapana."

"Na huyu?" Afisa alimwonyesha fundi wa mashine, aliyekuwa amelala chali chini ya cherehani, miguu nje.

"Mimi hawajanigongea hata kijiko, mama," akajibu fundi kutoka kule chini.

Bwana Samahani alikuwa amesimama katikati ya mstari, mkono wake wa salamu ungali hewani. Kulia kwake na kushoto kwake wanawake walikuwa wamejibana kwenye meza, na njia ile aliyokuwa akiilalamikia kila siku ilikuwa imekuwa pana hata gari dogo lingepita. Afisa akaitazama njia, akamtazama yeye, akajipangusa pua.

"Sitamlazimisha mtu kusema," akatuambia. Hakupaza sauti. "Ila mjue hili kabla hamjaamua. Atakayesema, kiwanda hiki hakiruhusiwi kumfukuza, wala kumhamisha, wala kumpunguzia kazi, wala kumwonyesha sura mbaya. Wakifanya hivyo, nitarudi kwa ajili ya hilo peke yake. Nauliza mara moja tu. Huo mkasi ni wa nini?"

Cherehani moja ikazimwa. Ilikuwa ya Bibi Kola. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akasimama polepole maana magoti yake ni ya zamani.

"Mimi ndiye niliyeanza kugonga," akasema. "Si ngoma, meneja. Ni kumwambia mwenzangu avute kiti."

"Ulianza lini, mama?" akauliza afisa.

"Zamani. Huyu alipoletwa hapa, mimi nilikuwa bado na kiuno." Mtu mmoja alitaka kucheka akashindwa. "Nilianza kwa sababu mimi hakuna aliyenigongea."

Akageuka akamtafuta wifi yangu kwa macho.

"Mwanangu, hukuwa wewe tu. Nilianza mimi. Nilikuacha peke yako, na nilijua."

Sikuwahi kumwona Bibi Kola akilia. Aliyekuwa karibu naye alizima cherehani akasimama. Kisha wa vifungo, na kasha lake la uzi mkononi. Kisha mstari wa mikono wote. Hata yule asiyeona vizuri alisimama, tena alisimama haraka. Walisema wote, kwa kukatizana, mpaka afisa akaomba waongee kwa zamu. Bwana Samahani alisema neno lake lile mara kadhaa, akitafuta njia ya kutoka, na safari hii njia ilikuwa nyembamba kweli.

"Meneja hakujua," wakili akajaribu. "Huwezi kumtwika mtu asilolijua."

"Alilisikia kila siku," akasema afisa. "Sheria haiulizi tu kama mwajiri alijua. Inauliza pia kama alipaswa kujua. Na huyu alikuwa akiita wageni waje kusikiliza."

Nikwambie mapema ili usikae roho juu: wifi alirudishwa kwenye cherehani yake, Bwana Samahani akaondoka na hakurudi, Bibi Kola akastaafu kwa amani na haki zake zote. Tangazo lilihamishwa, sasa liko mbele ya ukumbi, fundi wa mashine ndiye aliyelipigilia misumari, na alipigilia kama anajenga daraja. Hayo yalikuja baadaye. Siku ile yenyewe tulirudi nyumbani mimi na wifi pamoja.

Kaka alikuwa anatusubiri mlangoni. Wifi alimpita, akaenda uani kwenye beseni la mashuka. Kaka akaniuliza mimi. Nikamwambia yote: mkasi, meneja, Bibi Kola. Nilipofika pale pa "hukuwa wewe tu" alijishika kichwa. Kisha akatoka uani, na mimi nikasogea dirishani. Usinihukumu, ni ndugu yangu na dirisha ni letu.

"Mke wangu," akasema. "Kumbe hukuwa wewe tu."

Wifi aliendelea kukamua shuka. "Na ningekuwa mimi tu?"

Kaka akajikuna shingo.

"Samahani," akasema mwisho.

"Neno hilo niondolee," wifi akamjibu, bila ukali. "Tafuta jingine."

Akalitafuta. Nilimwona akilitafuta, mtu mzima, kasimama katikati ya matone ya maji na mikono mitupu.

"Nilikosea," akasema. "Neno lako peke yake lilitosha."

Wifi akamtazama, kisha akamrushia ncha ya pili ya shuka, wakaanza kulikamua pamoja.